Plota ya Kofia

Vijana wangu, mkija Kiembe Samaki kuniamkia mnaniona kichekesho. Mnachungulia chini ya kitanda, mnakuta nyaya za kila namna, mnaniuliza, "Babu, hizi za nini tena?" Nawajibu ni za kufungia mbuzi. Mnacheka, na mkishaondoka nazifuta vumbi na kuzirudisha mahali pake. Kila waya pale una plagi ambayo leo haina tundu la kuingia, na karibu kila mmoja namkumbuka mtu aliyekuwa akiusubiri.

Kazi yangu ilikuwa ya kupatanisha. Ofisi ikinunua kompyuta mpya, ile ya zamani inakwenda stoo, lakini printa na skana zinabaki mezani, nzima kabisa, na kompyuta mpya haizijui. Kila kompyuta ina mfumo wake wa kuiendesha, na kila kifaa unachochomeka kinahitaji programu ndogo ya kukitambulisha, ndiyo tunayoiita draiva. Mfumo ukibadilika, draiva ya zamani inarudishwa mlangoni. Hapo mwenye ofisi anashika kiuno na kusema printa imekufa. Haijafa, jamani. Haijatambulishwa tu. Neno hilo nimelisema mara nyingi mpaka mke wangu akawa analisema usingizini.

Aliyenifundisha ni Bwana Khalfan, Mungu amrehemu. Nilipoingia kwake, katikati ya miaka ya themanini, alikuwa fundi wa taipureta na redio katika duka dogo la Mji Mkongwe, mlango mkubwa kuliko duka lenyewe. Ukoo wake ulikuwa na mashamba ya karafuu zamani. Yeye, kwa maneno yake mwenyewe, alirithi subira na bisibisi. Alikuwa akifanya kazi na kanzu nyeupe, mikono kaikunja, na sikupata kuona tone la wino juu yake. Mimi nikiugusa utepe wa taipureta tu, narudi nyumbani kama niliyetoka kusafisha ngisi.

Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini watu walimletea yeye, kwa sababu zilikuwa na vibonye kama taipureta. Hakuogopa hata kidogo. Printa ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa ile ya sindano, inayopiga kelele kama cherehani, basi naye akaipaka mafuta ya cherehani. Kwenye chuma kinapopita kichwa alifanya sawa kabisa, na mpaka leo nawaambia fanyeni hivyo hivyo. Lakini alinogewa, akazipaka na roli za mpira. Karatasi ikawa inateleza, haisogei. Barua nzima ya ofisi ikapigwa juu ya mstari mmoja, herufi juu ya herufi, mpaka karatasi ikatoboka. Bwana Khalfan akaiinua, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Yakhe, hii barua ya siri." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Hakuna siku niliyompenda mzee yule kama ile. Akaenda kutafuta spiriti, tukakaa kuzifuta roli zile mpaka adhuhuri.

Nikupeni siri moja ya kazi, ingawa najua nyinyi siku hizi mnaiuliza intaneti. Printa za zamani zilikuwa za koo chache tu, kama watu. Kiwanda kidogo kikitengeneza printa, kilikuwa kinaifundisha lugha ya printa kubwa iliyokwishajulikana, ili programu zote ziikubali. Kwa hiyo ukikosa draiva yake, usilie. Fungua kitabu chake, na kama kitabu kimeliwa na mchwa, geuza mashine usome kibandiko cha chini, ujue inafuata lugha ya nani. Kisha iambie kompyuta mpya kwamba huyu ni yule ndugu yake mkubwa. Kompyuta itaamini. Nimedanganya kompyuta nyingi kwa njia hiyo, na dhambi yake sidhani kama imeandikwa.

Ila ukimkosea ukoo, utaumbuka. Kuna hoteli moja kule Kendwa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, walinipigia simu wakisema printa yao ya mapokezi inatoa karata. Nilidhani wananitania. Nikaenda, nikakuta bili ya mgeni imejaa kopa, shupaza, uru na pau, na katikati yake jina lake na idadi ya soda alizokunywa. Kijana wao alikuwa amechagua draiva ya ukoo mwengine, basi printa kila amri isiyoielewa iliigeuza alama. Yule binti wa mapokezi akanambia mgeni mmoja aliishika bili akauliza ameshinda nini. Niliirekebisha haraka, lakini karatasi moja niliichukua nikampelekea Bwana Khalfan. Aliibandika ukutani.

Baadaye zikaja kompyuta zisizo na yale matundu mapana ya kuchomekea printa, zina matundu madogo tu. Wafanyabiashara wetu wakatuletea kutoka Dubai waya za kubadilisha, upande mmoja plagi ndogo, upande mwengine plagi pana. Nusu yake zilikuwa bandia. Ukizichomeka kompyuta inafurahi, inasema imekiona kifaa, na kifaa hakina habari. Nilijifunza kutonunua waya bila kwenda na mashine yenyewe dukani, na wenye maduka wa Darajani walikuwa wakiniona natokea na printa begani wanaanza kufunga milango.

Lakini niliyetaka kukusimulieni habari zake hasa ni Bi. Rukia.

Bi. Rukia alikuwa mchoraji wa kofia. Mnaozivaa siku ya Idi nadhani hamjui kuwa kofia ya mkono haianzi na sindano, inaanza na kalamu. Mtu huchora viua juu ya bafta, duara la juu na ukanda wa pembeni, halafu kitambaa kinakwenda kwa washonaji wanaokitoboa na kukizungushia uzi, tundu baada ya tundu, kwa miezi. Viua vya Bi. Rukia vilikuwa na jina. Kulikuwa na wanawake wa Tumbatu na Mkokotoni waliokuwa hawashiki mchoro wa mtu mwengine.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Ni maradhi, si uzee, na madaktari walimwambia hayaondoki. Mstari wake ukawa unacheza juu ya kitambaa. Mumewe, Bwana Nassor, alikuwa mchora ramani katika ofisi moja mjini, na ofisi hiyo ilipouza vitu vyake vya zamani alinunua plota. Plota ni mashine ya kuchorea ramani. Inashika kalamu ya kweli na kuipeleka kushoto na kulia, huku roli zikivuta karatasi mbele na nyuma. Akaiweka nyumbani. Bi. Rukia akikaa kitako na kumwelezea ua, jani hili liinuke, hili lilale, na yeye analiingiza kwenye kompyuta. Bafta ni laini, haiwezi kupita kwenye roli, basi mzee yule alikuwa akiichovya kwenye kanji na kuipiga pasi mpaka inakuwa ngumu kama kadi. Hilo halimo katika kitabu chochote cha kompyuta nilichosoma. Miaka ile yote washonaji hawakujua kuwa mkono uliochora ulikuwa wa chuma.

Bwana Nassor akafariki. Haukupita muda kompyuta yao nayo ikagoma kuwaka, na mtoto wao wa kiume aliyeko Maskati akaleta mpya, yenye mfumo mpya, kwa nia njema kabisa. Plota haikuitikia. Yule kijana akasema basi, mama apumzike sasa, hilo dude litolewe. Bi. Rukia hakutaka kupumzika. Washonaji wake walikuwa wameshaanza kuulizia vitambaa, na wasipopata wangechukua vya mchoraji mwengine, nani angewalaumu? Mtu akishawapoteza wale hawarudi. Mwanamke aliyechora kofia za nusu ya mabwana harusi wa mji huu angekuwa ni mgonjwa tu wa ndani.

Binti yake Asya, mwalimu wa skuli, ndiye aliyenijia dukani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Mama anakuomba uje uitazame mashine. Lakini yumo edani, fundi. Itabidi uzungumze na mimi."

Mnajua eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, mjane hatoki na hakai na wanaume wasio maharimu wake. Basi hebu fikirini kazi yangu. Mtu pekee aliyejua mashine ile ilivyokuwa ikiendeshwa alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na mimi nilitakiwa nimuulize kwa kumpitia binti yake, na hali sote watatu tunasikilizana.

"Shikamoo, Bi. Rukia," nikasema siku ya kwanza, nikitazama ukuta.

"Marahaba, mwanangu. Asya, mwambie fundi akae."

"Mama anasema ukae."

"Nshakaa."

"Keshakaa, mama."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Niliuliza marehemu alikuwa akianza na nini, swali likapita pazia, jawabu likarudi kuwa akianza na Bismillahi. Nikauliza baada ya hapo. Bi. Rukia akasema, "Mwambie baada ya hapo akinitoa mie chumbani." Nilicheka kwa sauti, halafu nikaona haya kucheka katika nyumba ya msiba.

Mafaili ya viua niliyatoa salama katika kompyuta iliyokufa. Programu ya marehemu ilikataa katakata kwenda kwenye mfumo mpya, lakini hilo halikunitisha. Faili la plota ni maneno mafupi tu: shusha kalamu, nenda pale, inua kalamu. Hayo huna haja ya draiva kuyapeleka. Unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaiambia kompyuta izungumze kwa kasi gani, kisha unalinakili faili moja kwa moja kwenye waya. Nikapata waya wa kubadilisha ulio mzima, baada ya kurudisha mbili. Nikaandika amri, nikabonyeza. Plota ikanguruma, ikavuta bafta kidogo, ikasimama. Taa nyekundu ikawaka.

Nikabadilisha kasi. Taa nyekundu. Nikabadilisha waya. Taa nyekundu. Nikaondoka, nikarudi siku nyengine na kompyuta yangu mwenyewe, matokeo yale yale. Nilikuwa nimeshauhukumu ule mfumo mpya, naulaani moyoni, kwani si ndio mgeni pekee katika nyumba?

"Mama anauliza kimya cha nini," Asya akasema.

"Mwambie nnafikiri."

Kutoka nyuma ya pazia: "Baba yako akifikiri alikuwa akiguna. Huyu hata haguni."

Ikanijia kufanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Mashine nyingi za aina ile zina jaribio lao wenyewe: unashikilia kibonye cha karatasi huku unaiwasha, inachora mchoro wake bila ya kompyuta yoyote. Mkitaka kubaki na neno moja katika yote haya, bakini na hili. Nikachomoa waya, nikashikilia kibonye, nikawasha. Taa nyekundu. Waya umelala sakafuni, kompyuta imezimwa, na plota bado inagoma. Mfumo mpya haukuwa na kosa hata chembe.

Nikafungua kifuniko, nikapitisha kidole chini ya njia ya karatasi, mahali penye jicho dogo la kioo ambalo plota hutumia kujua kama kitu kimewekwa. Kidole kikanata. Nikakinusa. Ubani.

Nikageuka. Pembeni mwa meza, karibu kabisa na mashine, kulikuwa na chetezo, na majivu yake bado mapya. Siku zote nilikuwa nakipita.

Asya aliona ninachotazama, akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Kila magharibi, fundi. Nnamletea hadi mlangoni, anaingia mwenyewe, anafukiza. Kile ndicho kiti cha baba. Anasema hapa ndipo anapompata." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Usimwambie. Safisha tu, mwambie ilikuwa waya."

Ningeweza. Spiriti ninayo, pamba ninayo. Lakini ningesafisha leo, na magharibi ile ile moshi ungerudi, na baada ya wiki mbili mashine ingegoma tena, na safari hiyo mtoto wa Maskati asingemwita fundi. Nilimhurumia sana yule mama. Sijui kazi nyengine inayokuingiza hivyo ndani ya nyumba za watu, mpaka katika mambo yasiyokuhusu.

"Mnanong'ona nini?" Bi. Rukia akauliza. "Asya?"

Nikasema mimi, bila ya kumpitia mtu. "Bi. Rukia, mashine hii ina jicho la kuonea kitambaa. Jicho limeziba kwa moshi."

"Moshi gani?"

"Wa ubani."

Chini uchochoroni alipita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, tukamsikia mpaka akapotea.

"Basi ni mie," akasema.

"Si wewe, Bi. Rukia. Ni ubani."

Nikasikia sauti nyuma ya pazia, nikadhani analia, na Asya alidhani hivyo hivyo maana aliruka kwenda. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, na kulia kukafuata humo humo. "Nassor alikuwa hauwezi moshi," akasema. "Miaka yote ile. Nikiingia na chetezo humo anapiga chafya, ananambia, mke wangu, chagua, nitoke mie au kitoke hicho. Na mie kila siku namfukizia, namfukizia! Kitoe, Asya. Kipeleke ukumbini. Maskini, keshavumilia vya kutosha."

Nilisokota pamba kwenye kijiti, nikaichovya kwenye spiriti, nikalifuta jicho lile taratibu, na pamba ikatoka ya manjano. Kisha roli, kisha reli. Nikarudisha waya, nikaandika amri ile ile niliyoiandika siku ya kwanza. Plota ikavuta bafta, ikaipima, ikaikubali. Kalamu ikashuka. Mlio wake mnaujua, au hamuujui, nyinyi wa leo: mvumo mfupi, kimya, mvumo mrefu. Ikachora mpaka ua la mwisho.

Asya alimpelekea kitambaa. Nilingoja shukrani, nasema kweli. Badala yake Bi. Rukia akasema, "Kalamu nene hii. Mwambie fundi abadilishe. Nikiwapelekea watu wa Tumbatu mstari kama huu watasema nimezeeka." Asya akanitazama akitabasamu. Sikumbuki shukrani iliyonifurahisha kuliko lawama ile. Nikabadilisha kalamu, na wiki ile vitambaa vikavuka kwenda Tumbatu.

Eda ilipokwisha aliniita tena. Asya alikuwa amehamishiwa skuli ya Pemba, na yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia mama yake amri zile kwenye kompyuta. Nilikuta pazia limefungwa pembeni. Ndipo nilipomuona Bi. Rukia kwa mara ya kwanza, mama mrefu, mwenye uso wa kutania, mikono yake miwili imekaa juu ya mapaja ikitetemeka bila ya kupumzika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu.

"Nifundishe mie," akasema. "Sitaki kumngojea mtu."

Nilimfupishia amri zote ndefu, nikazifunga katika neno moja, "ua", aliandike na kubonyeza basi. Akajaribu. Kidole kikatetemeka juu ya kibonye na herufi zikatoka nne nne, kompyuta ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa. Akaurudisha mkono wake mapajani, akaufunika kwa mwengine.

Hapo ndipo nilipoushukuru mfumo ule mpya nilioulaani. Ulikuwa na kitu ambacho ule wa zamani haukuwa nacho: unaweza kuuambia usihesabu kibonye kinachogongwa mara kwa mara haraka haraka, uchukue pigo moja na mengine uyasamehe. Nikaingia nikauwashia. "Jaribu sasa, Bi. Rukia."

Akainua kidole. Kilitetemeka njia nzima. Herufi ya kwanza ikaingia moja, ya pili ikaingia moja. Akatafuta kibonye kikubwa, akakigonga kwa nguvu, na sote wawili tukageuka kuitazama plota. Kalamu ikashuka juu ya bafta, na mstari wake ukatoka mwembamba, umenyooka, wala hautetemeki.